Fundo la Ghala la Mama

Nyinyi wa chama chetu cha Alhamisi mmeniuliza mpaka nimechoka. Wale kuku watatu walitoka wapi? Na kunde zote zile? Na kwa nini mama yangu, ambaye tangu mjue Mlolongo hamjawahi kumwona akivuka barabara, sasa anadai viatu? Kila nikianza kueleza, dereva mmoja anaita chapati, nakatiza, na nikirudi nakuta mmeshajimalizia hadithi wenyewe kwa uongo wenu. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho, asije mtu akaniuliza tena nikiwa jikoni.

Kwanza mjue nilitumwa nini. Mama yangu, Syombua, alikuwa mke wa pili wa Mzee Mutisya, kule chini Ekalakala. Mwaka mmoja wa njaa walikosana, akanibeba mgongoni nikiwa na miaka minne, akasema anaenda kutafuta kazi Nairobi, mvua zikinyesha atarudi. Mvua zimenyesha mara nyingi tangu hapo. Baba alipokufa tulipata habari imeshachacha, mama akaona aibu, hakwenda. Hivyo ndivyo miaka inavyokula mtu.

Mwaka uliofuata zile mvua za Elnino, miguu yake ikaanza kuvimba na kifua kikawa kinamkoroma. Asubuhi moja, nikiwa nakanda unga, akaniuliza, "Mbula, mimi nitazikwa wapi?"

Nikamwambia aache maneno hayo. Hakuacha.

"Nenda Ekalakala uangalie kama ghala langu limesimama. Likiwa limesimama, mimi bado ni mke wa pale. Wakiwa wamelibomoa, usiongee na mtu. Rudi tu, nitajua sina kwetu."

"Linafananaje hilo ghala?"

Akanyoosha mikono akazungusha hewani, kama mtu anayekumbatia mama mnene. Hiyo ndiyo ramani niliyopewa.

Mlolongo hadi Machakos: saa tatu nikitazama kibanda changu

Dereva mmoja wa lori la simenti, Mutua, anayekula kwangu kila siku, alikubali kunifikisha Machakos. Nilipanda nikiwa nimevaa leso mpya, kiondo mapajani, ndani nina sukari, majani ya chai, sabuni, na daftari la hesabu la mwanangu Kioko, kwa sababu mama alisema nikiliona ghala nilichore. Niliwapungia mkono, mkanipungia. Mnakumbuka. Mkadhani nimeenda.

Sikwenda popote. Tulisogea hatua mia mbili tukaingia foleni ya mizani, na hapo tukakaa. Nilikuwa naona kibanda changu vizuri kabisa. Niliona maharagwe yakiungua. Niliona mteja akinywa chai akaondoka bila kurudisha kikombe. Nikataka kushuka, Mutua akasema foleni inatembea, ikatembea kama upana wa godoro, ikasimama tena. Ilipofika zamu yetu lori likaonekana limezidi uzito kidogo, Mutua akanitazama mimi na kiondo changu. Nikamwambia atazame simenti yake.

Hapo katikati nilimweleza safari yangu. Yeye kwao ni huko Masii. Akacheka. "Ghala? Mama Kioko, ghala siku hizi ni gunia na dawa. Nyanya yangu alikuwa na ikumbi moja, ile ya fito. Ilianguka zamani."

Ikumbi ndilo jina la ghala kwa Kikamba. Nikamwuliza ilikuwa na umbo gani. Akasema ya mraba. Baadaye kidogo, tukipita Kyumvi, akasema hapana, ilikuwa ya duara. Tulipoingia Machakos akasema kwa kweli hakumbuki kama ilikuwa ya nyanya yake au ya jirani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuchanganyikiwa kwangu.

Kangundo: ghala la mbao na ugomvi wa dada

Machakos sikukaa, nikaunganisha hadi Kangundo siku hiyo hiyo, maana ndiko anakoishi Anti Ndinda, mdogo wake mama, na mama alisema huyo ndiye anayejua njia. Kutoka sokoni nilichukua boda boda ya baiskeli. Tulipofika mlimani yule jamaa akaniomba nishuke. Nikashuka. Akaniomba nimsaidie kusukuma. Nikasukuma, kiondo begani, baiskeli iliyotakiwa kunibeba. Tulipofika juu akaniambia asante, kana kwamba mimi ndiye mwenye kazi.

Anti Ndinda alinipokea kwa muthokoi na mboga ya kunde. Mahindi yaliyokobolewa vizuri, laini, si yale yangu ya haraka ninayowapikia madereva. Nilikula sahani mbili. Nilipomweleza nimetumwa kuangalia ghala, akaweka kijiko chini.

"Na ukikuta halipo?"

"Nitarudi."

"Umwambie nini?"

Nikajichotea mboga. Akainuka, akanitoa nje kunionyesha ghala lake, labda ili tusiendelee na swali hilo. Lilikuwa chumba cha mbao cha mraba, kimesimama kwa miguu minne kama meza, na kila mguu umevishwa mkebe wa mafuta ya Kimbo uliopinduliwa ili panya akipanda ateleze. Juu mabati. Mbele mlango wenye kufuli. Chini yake kuku wamelala na mashine ya kumenya kahawa, kutu tupu.

"Hata hapa zamani yalikuwa ya duara," akasema. "Tulipokuwa watoto tulilima mawele na mtama, vitu vidogo, vinakaa ndani ya kikapu. Yakaja mahindi. Hindi na gunzi lake linataka nafasi, na mlango mkubwa wa kutupia. Halafu ikaja kahawa, watu wakapata misumari na mbao. Kikapu kikafa."

"Kwa hiyo la mama lilikuwa la duara."

"La mama yako? La mraba. Nililiona kwa macho yangu nilipomsindikiza kuolewa."

Nikamwambia mama amechora duara kwa mikono. Anti akasema dada yake tangu utotoni ni mtu wa kubisha, na hata kuondoka kwa mumewe aliondoka kwa ubishi. Nikamtetea mama. Tukagombana kidogo, kwa adabu, kuhusu umbo la kitu ambacho mimi nilikiona mara ya mwisho nikiwa nanyonya kidole. Mwishowe akasema, "Lakini jambo moja nakumbuka. Kila mwanamke pale alikuwa na lake. Mzee hakuwahi kutia mkono ndani ya ghala la mke. Akitaka uji anaomba."

Hilo nililiandika kwenye daftari.

Kangundo hadi Matuu: Abdi na ghala la miguu minne

Njia ya Anti ilikuwa kunikabidhi kwa Abdi, Msomali mwenye duka la mifugo Matuu, ambaye huleta mbuzi kwa wachinjaji wa Kangundo na kurudi na pikapu tupu. Mtu mpole, ndevu zimeanza mvi, anaongea Kikamba vizuri kuliko mimi. Nilikaa mbele. Nyuma kulikuwa na harufu tu.

Nilimwomba jambo moja: "Ukiona ghala la zamani njiani, nionyeshe."

Akasema hakuna shida. Na kweli, tulipovuka mto Athi na nchi kuanza kuwa kavu, akasimama kwenye boma la kwanza. Pale kulikuwa na kikapu kikubwa cha fito, kirefu kuliko mimi, kimepakwa udongo na mavi ya ng'ombe, kimekaa juu ya mawe kama sufuria juu ya mafiga, na kichwani kofia ya nyasi. Nikafurahi. Duara. Nikatoa daftari nikaanza kuchora. Abdi akashuka akazungumza na mwenye boma kwa muda mrefu. Mwenye boma akatikisa kichwa. Tukaondoka. Boma la pili hivyo hivyo, na hapo ghala lilikuwa juu ya jukwaa la miti, mbuzi wamejikinga jua chini yake. La tatu lilikuwa limeinama upande mmoja, mvua za mwaka jana zimelila miguu.

Katika boma la tano nikamwuliza Abdi anazungumza nini na watu muda wote huo.

"Nawauliza kama wanauza."

"Wanauza nini?"

"Mahindi. Si wewe unatafuta mahindi ya kibanda chako?"

Nilibaki nimemtazama. Kumbe tumepita nchi nzima ya Yatta tukitangaza kwamba mama mmoja wa Mlolongo ananunua mahindi ya zamani. Nikamweleza upya, tangu mwanzo, mama, njaa, ghala. Akabadilisha gia. Kisha akasema kwao hakuna ghala. "Ghala yetu iko na miguu minne, inatembea. Lakini nimeelewa. Sisi mwanamke akiolewa, ile nyumba anajenga yeye na ni yake. Akiikunja akaenda nayo, ameondoka. Akiiacha, atarudi."

"Mama aliacha."

"Basi tuone."

Mbele kidogo akasimamisha gari ghafla kando ya barabara akashuka bila neno. Nikadhani ni pancha. Nikashuka nami, nikazunguka gari lote nikipiga magurudumu mateke, yote mazima. Nilipoinua kichwa nikamwona ametandika mkeka chini ya kivuli cha mgunga, anaswali. Nilirudi garini taratibu nikiona haya. Alipomaliza tulikula muthokoi alionifungia Anti, naye akanimiminia chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi kutoka kwenye chupa. Hii chai ninayowauzia siku hizi, mnayoisifu, ni ya Abdi.

Ekalakala: watu wasio na ghala

Nililala Matuu kwa wake zake Abdi, wanawake wakarimu kupita kiasi, na asubuhi nikapelekwa hadi soko la Ekalakala nikaachwa na kiondo changu.

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza kijinga. Nilisimama katikati ya soko, daftari mkono mmoja, kalamu mwingine, nikamfuata mama wa kwanza niliyemwona, mbele ya boma lake kando ya soko.

"Samahani mama, hapa kwenu mko na maghala ya zamani?"

"Hatuna."

Amesema hivyo akiwa ameegemea moja. Nililiona. Mgongo wake ulikuwa umeshikana na udongo wa ghala. Nikamwuliza, hilo je? Akaligeukia akalitazama kama analiona mara ya kwanza. "Hii ni ya kuku."

Nikaenda boma lingine. Hatuna ghala. La tatu, mzee mmoja akasema yeye hajavuna tangu zamani sana, na huku nyuma naona binti yake akitupia gunia juu ya kitu fulani cha duara. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nikiandika. Nilipofika la nne, mlango ukafungwa. La tano mbwa akafunguliwa. Nilisimama barabarani jua la saa sita linanichoma utosi, sielewi kitu. Nchi nzima ina maghala na hakuna mwenye ghala.

Aliyeniokoa ni mwuza nyanya mmoja. Aliponiona nimekaa kwenye jiwe naongea peke yangu, akaniuliza kwa ukali, "Kwani nyinyi wa chakula ya msaada mtakuja kuhesabu mara ngapi? Juzi mliandika. Mkiona mtu ako na ikumbi mnamtoa kwa orodha."

Nikaitazama kalamu yangu. Nikalitazama daftari. Mungu wangu. Nilikuwa nimewatisha watu na chakula chao asubuhi nzima.

"Mimi si wa msaada," nikasema. "Mimi ni wa Mutisya. Mama yangu ni Syombua."

Yule mama aliacha nyanya zake. "Syombua aliyeenda?"

"Huyo."

"Si ungesema," akasema, na akaniambia niweke hilo daftari ndani ya kiondo na nisilitoe tena, na ghala la mtu halihesabiwi kwa kidole, hata langu mwenyewe. Kisha akaniitia mpwa wake, mwanamume mzima na fundi wa viatu, anipeleke. Tulitembea saa moja na nusu. Njia nzima hakuniuliza kitu, ila mara mbili tatu alinigeukia akanitazama uso.

Kwa Mzee Mutisya

Tulikuta boma kimya. Watu walikuwa shambani. Fundi akaniambia ningoje kivulini, yeye ataita wenyeji, akaenda. Nikabaki peke yangu na mbuzi watatu mahali nilipozaliwa, na sikukumbuka hata jiwe moja.

Maghala yalikuwa matatu. La kwanza la mabati, jipya, la mraba. La pili la duara, kubwa, nyasi zake zimepauka. La tatu lilikuwa nyuma kidogo, karibu na mti wa mkwaju, dogo kuliko yote, la duara kabisa, na nyasi za kichwani zilikuwa mpya, za mwaka huu. Chini mawe matatu. Udongo umepakwa karibuni, alama za vidole bado zinaonekana.

Nilisogea.  Nilijiambia hilo haliwezi kuwa la mama, ghala la mtu aliyeondoka haliezekwi upya. Lilikuwa na kimlango kidogo juu kifuani, cha vijiti vilivyosukwa, kimefungwa kwa kamba ya katani. Nikaliona fundo.

Nyote mnalijua fundo hilo. Mmeliona kwenye magunia yangu ya makaa, kwenye kiondo, kwenye kamba ya kuanikia nguo. Zunguka mbili, pita chini, rudi juu, ingiza ulimi. Mama ndiye alinifundisha, na alimfundisha nani mwingine sijui, maana sijawahi kuliona kwa mtu mwingine. Mikono yangu haikuniuliza. Nililishika, nikavuta ulimi, nikalizungusha nyuma. Mahali pamoja liligoma kidogo, kama limepinda, nikaling'ang'aniza, likafunguka. Kamba ikaanguka. Nikainua mkono nisukume mlango.

Nyuma yangu mtu alipiga ukelele ambao sitausahau.

Nikageuka. Mwanamke mzee sana, mrefu, jembe limemponyoka mkononi, amekaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, anapiga ardhi kwa viganja na kulia. Nilijua ni nani kwa maelezo ya mama: Kalondu, mke mkubwa. Mama aliniambia maisha yangu yote kwamba huyo ndiye alimfukuza kwa maneno. Nikasema moyoni, basi nimeharibu, ameona mtoto wa adui yake.

"Mama Mkubwa, ni mimi Mbula," nikasema. "Nisamehe."

Akalia zaidi. Watu wakaanza kutoka mashambani wakikimbia. Wanawake wakafika, wakaiona kamba chini, wakaniona nimesimama penye mlango, wakashika vichwa. Ndani ya muda mfupi boma lilijaa. Mtu akanikalisha. Mwingine akanifunga leso kiunoni. Kila anayekuja ananishika mikono miwili. "Pole. Pole sana, mwana wetu. Mungu amempumzisha."

Mimi nilidhani wananipa pole ya baba. Miaka kumi na zaidi imepita lakini nilikuwa sijawahi kufika, nikaona ndiyo desturi. Nikajibu vizuri kama nilivyolelewa. "Asanteni. Lakini ni zamani sasa, tumeshazoea."

Wakatazamana. "Zamani?" mama mmoja akauliza. "Na hamkusema?"

"Si nyinyi ndio mlimzika?" nikasema.

Hapo nao wakachanganyikiwa. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba uchungu umenipanda kichwani, nipewe maji. Nikapewa maji. Nikapewa uji. Wanaume walikuwa wamekusanyika upande wa pili wa boma na mmoja wao, mnene, mwenye uso wa baba kama nilivyouona kwenye ile picha yetu moja, alikuwa anapima ardhi kwa hatua karibu na kaburi la saruji. Ndiye Musembi, kaka yangu wa kwa mama mkubwa. Akachomeka vijiti vinne chini. Nikasikia akiwaambia wenzake kwa sauti ya mtu anayejikaza, "Atalala hapa, kushoto kwa Mzee. Mama yangu atakuja kulia. Hivyo ndivyo Mzee alisema." Kuku watatu na debe la kunde vikawa vimeletwa vikawekwa miguuni pangu. Wengine wakaanza kuimba.

Musembi akaja akachuchumaa mbele yangu, macho mekundu. "Dada, tuambie. Mwili uko mochari gani, tutafute gari."

"Mwili wa nani?"

"Wa Mama Syombua."

"Mama yangu yuko Mlolongo," nikasema. "Nimemwacha anachagua maharagwe."

Wimbo ukafa. Ninyi mmewahi kusikia watu sitini wakinyamaza pamoja? Hata mbuzi walinyamaza. Kisha Kalondu akainuka pale chini, akasaidiwa na mtu, akanijia na uso umejaa vumbi na machozi, akanichapa begani kwa leso yake. Si kidogo.

"Kwa nini umefungua basi?" akasema. "Wewe hukufundishwa? Mtoto hafungui ghala la mama yake. Siku anayofungua, amekuja kugawanya. Nimekuona unatoa kamba nikajua ameenda. Syombua ameenda na hatukuongea."

Nikamwambia ukweli: sikufundishwa, nilikuwa na miaka minne. Mama alinituma niangalie tu kama limesimama. Nikamweleza na lile neno la mama, kwamba likiwa limebomolewa nisiongee na mtu.

Kalondu akalitazama ghala. "Nani angelibomoa? Ghala la mtu aliye hai? Nyasi nabadilisha mimi. Mawe nimeinua mimi mvua ile kubwa, Musembi akinishikia. Kamba ikioza nafunga mpya kwanza ndiyo nakata ya zamani, hata siku moja halijakaa wazi. Hilo fundo lake lilinisumbua. Nilikaa na kamba siku nzima kulijifunza." Akanionyesha kamba pale chini. "Leo ndiyo siku ya kwanza limekuwa wazi. Kwa mkono wako."

Nililia mimi sasa. Wale waliokuwa wakiniliwaza kwa kifo ambacho hakikuwepo wakaniliwaza upya, safari hii wakicheka, na wengine wakinisema. Nilirudisha kuku, wakakataa. Pole ikishatolewa hairudi. Musembi alisimama akitazama vijiti vyake vinne. Mtu akamwambia aving'oe, ni mkosi. Akafikiri. "Wacha vikae," akasema. "Haviombi kitu. Atakuja kuviona mwenyewe, na vingoje."

Kabla sijaondoka kesho yake Kalondu aliniamuru nilifunge ghala kwa mikono yangu. Nikalifunga. Sikuchungulia ndani, na msiniulize kuna nini, sijui. Kisha akakata kipande cha kamba ya katani, akakaa, akalifunga fundo lile juu ya kijiti, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. "Mpelekee. Aone nimetunza. Mwambie ghala linafunguliwa na mwenyewe."

Kurudi

Kurudi sina la kusema ila kuku walinya ndani ya pikapu ya Abdi na hakusema neno.

Mama nilimkuta mlangoni. Hakuniuliza habari za safari. Aliwaona kuku na kunde akajua hivyo si vya zawadi, mtu wa kwetu anavijua vitu vya matanga. "Nani amekufa?"

"Wewe," nikasema, maana nilikuwa nimechoka na sikujua pa kuanzia.

Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye vijiti vinne kushoto kwa Mzee aliinamisha kichwa. 

"Walilia?"

"Walilia, Mama."

"Nani alianza?"

"Mama Mkubwa. Alikaa chini kwenye vumbi."

 Nikatoa kiondoni kile kijiti na fundo lake nikamwekea kiganjani. Macho yake hayaoni vizuri, akalipapasa kwa vidole. Akazunguka mbili, akapita chini, akarudi juu. Kidole kikasimama, pale pale lilipogoma mkononi mwangu. Akapapasa tena. Nikaona mabega yanatikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia.

"Amekosea hapa," akasema. "Miaka yote hii Kalondu anakosea hapa."

Akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Nitafutie viatu, Mbula. Niende nikamwonyeshe."